Dereva na Tairi za Matope

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu yeyote ofisini, Dereva aliizunguka pikapu akizipiga tairi kwa kiganja. Hakuzipiga teke kama wafanyavyo madereva wengi. Aliinama, akashika goti kwa mkono wa kushoto, akapiga mara moja kwa mkono wa kulia, akasikiliza. Alipomaliza ya nne alinyanyuka, akapangusa vumbi kwenye kikoi chake, ndipo akaja mlangoni kwangu na salamu zake ndefu za kuuliza usiku, afya, wazazi, na mvua huko kwetu Mwingi.

Siku moja nilimjaribu. Nilichukua kipimo cha upepo kutoka stoo, nikamwambia aniambie presha ya kila tairi kwa mkono wake, kisha mimi nipime. Tatu za kwanza alizipata sawasawa. Ya nne tukatofautiana. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hiyo chuma ni mgonjwa," alisema, akionyesha kipimo.

Mchana tulipita kituo cha mafuta karibu na daraja la Tana, wakapima kwa kipimo chao. Dereva ndiye aliyekuwa sahihi. Nilikitupa kile kipimo, lakini nilichokitupa ni kile kimoja tu. Imani yangu katika vyombo na tarakimu ilibaki palepale, na hilo ndilo lililokuja kutuharibia mambo.

Sijui alizaliwa wapi wala mwaka gani, na jina lake sitalitaja. Ofisini tulikuwa na madereva watatu, lakini ukisema "Dereva" kila mtu alijua ni yupi. Mimi nilikuwa karani wa usafiri katika shirika dogo la chanjo za mifugo pale Garissa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka ishirini na minne na cheti kipya. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amekwenda wapi, kwa kilomita ngapi na kwa lita ngapi. Mambo ya kazi aliniita Karani. Mambo yakiwa mazuri aliniita abaayo, yaani dada. Mimi nilimwita Adeer, kama vijana wa pale wanavyomwita mtu wa rika la baba zao, na nadhani hakuna neno la Kisomali nililolitamka vibaya kama hilo. Hakunisahihisha hata siku moja.

Kiswahili chake alikiokota barabarani, kwenye malori ya ng'ombe na vizuizi vya polisi. P kwake ilikuwa b, na v ilikuwa f. Alisema "bole bole" na "fizuri sana". Vijana wa ofisini waliotoka bara walimwiga akiwa hayupo, na mimi nilicheka pamoja nao.

Juu ya upepo wa tairi alikuwa na msimamo kama wa dini. Lami ilikuwa ikiishia mjini. Ukielekea kaskazini ni mchanga, kisha udongo mgumu, kisha mchanga tena, hadi Modogashe, hadi Habaswein, hadi Wajir. Kwenye mchanga mwingi alisimama, akapunguza upepo ili tairi zilale na kushika. Hayo madereva wote waliyajua. Tofauti yake ilikuwa kwamba mchanga ulipokwisha alisimama tena, akatoa pampu ya mguu chini ya kiti, akajaza tairi zote nne upya, juani, abiria wakiguna. Wengine waliendelea hivyohivyo mpaka wafike mjini.

Mkubwa wetu, daktari wa mifugo, mtu wa haraka, alimpigia kelele mara nyingi. "Mzee, tunachelewa! Upepo utajaza Wajir!"

"Daktari," alijibu huku akikanyaga pampu, "tairi laini anakunywa mafuta kama ngamia amefika kisimani. Wewe utalala Wajir. Mimi nitaambia Karani nini?"

Aliniogopa mimi, au aliliogopa daftari langu. Hakujua kusoma. Kila aliporudi safari alisimama mbele ya meza yangu nikijaza mistari, akanitaka nimsomee nilichoandika, mara mbili. Niliona ni usumbufu wa mzee. Leo nadhani alitaka kusikia tu kwamba yaliyomo ni yale yaliyotokea.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi, na alikuwa na majivuno. Huyu aliyetuendesha kama amebeba mayai alipenda kusimulia jinsi alivyokuwa akikimbiza malori ya mifugo kutoka Mandera ujanani, na jinsi alivyopindua mawili, na alisimulia kwa raha kabisa, akionyesha kwa mikono lori lilivyolala. Aliwahubiria watu wote kuhusu sukari, kwamba inaua miguu na macho, kisha akatia vijiko vinne katika kikombe chake cha chai ya maziwa. Ukimpeleka mahali ukiwa wewe ndiye unayeendesha, alikaa kiti cha abiria mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu, akifunga breki zisizokuwepo. Hayo nayajua kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari.

Hakuna aliyemtuma. Jumamosi moja aliniuliza, "Karani, wewe unaandika gari kila siku. Gari unajua?" Nikasema sijui hata kuiwasha. Alishangaa kwa dhati. Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye uwanda mkavu nje ya mji, akanikalisha kwenye usukani, na kwa miezi miwili akanifundisha, kwa ruhusa ya daktari na bila malipo yoyote. Aliniwekea bakuli la maji kwenye dashibodi. Yakimwagika, alinyamaza. Yasipomwagika alisema "fizuri" na kutazama nje ili nisimwone akitabasamu. Nilipopata leseni, mke wake aliniletea ofisini mkate wa anjera na nyama ya mbuzi, akanishika mikono yote miwili na kuniambia maneno ya Kisomali ambayo Dereva hakunitafsiria.

Lakini kilichomfanya awe mtu katika barabara ile hakikuwa kuendesha. Ilikuwa amana. Siku hizo simu zilikuwa chache na benki zilikuwa mbali. Mtu akiwa na kitu cha kupeleka Modogashe au Habaswein, alikuja kwenye lango letu alfajiri akamngoja Dereva. Barua. Miwani ya mzee iliyotengenezwa upya. Dhahabu ya bibi harusi iliyofungwa kwenye kitambaa na kushonwa. Vyote aliviweka katika mkoba wake wa ngozi, na vyote vilifika. Hakutoza mtu. Nilipomuuliza kwa nini anajitwika mizigo ya watu, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anapumua.

Kulikuwa na mwanamke mwenye duka la nguo sokoni, ambaye mama yake aliishi Habaswein na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila baada ya wiki mbili mwanamke huyo alileta chupa ya chai yenye mdomo mpana. Ndani yake mlikuwa na barafu na vichupa vya dawa ya mama. Dereva aliifunga chupa ile kwa kitambaa kibichi na kuiweka nyuma ya kiti chake, upande wa kivulini. Njiani alisimama kukilowesha kitambaa. Yule mama alikuwa akimwita mwanangu, ingawa nadhani walikuwa karibu rika moja.

Sasa nifike kwenye tairi.

Mwaka ule masika yalikuja kwa nguvu. Pikapu ilikwama mbele ya Modogashe siku tatu, na chanjo zote zikaharibika kwa joto. Daktari alirudi na tope hadi kifuani, akaniambia, "Karani, tafuta dawa ya jambo hili." Nilitafuta. Niliandika barua Nairobi, nikauliza, nikaletewa tairi nne pana, zenye meno makubwa ya kula matope, na ndefu kuliko zile za zamani karibu nusu shubiri. Zilipofungwa, pikapu ilisimama juu kama dume. Daktari alinisifu mbele ya watu wote. Nilikuwa sijawahi kusifiwa kazini.

Dereva alizizunguka, akapiga moja kwa kiganja, akasikiliza.

"Kwa tobe, mzuri," alisema.

"Na kwa mahali pengine?" nikamuuliza.

"Kwa tobe, mzuri," alirudia, akaenda zake.

Na kweli, masika yote yale hatukukwama tena. Kisha mvua ikaisha, ardhi ikakauka ikawa kama sahani, na Dereva akaja mezani kwangu.

"Karani, tobe imeisha. Turudishe tairi ya zamani. Hii ni nzito. Inafuta gari nyuma." Alimaanisha inavuta. "Sikia inalia kwa barabara. Kila mlio ni mafuta."

Nilimwambia tairi mpya haziondolewi kwa sababu zinapiga kelele. Zile za zamani zilikuwa stoo, nzima kabisa, hatua ishirini kutoka mahali tulipokuwa tumesimama. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini zile mpya zilikuwa tairi zangu mimi, na nilimwona kama mzee asiyependa kitu kipya kilicholetwa na binti.

Daftari likaanza kusema. Safari ya Wajir kwenda na kurudi, ambayo kwa miaka ilikula karibu kiasi kilekile, sasa ilikuwa na pengo. Kwa kilomita zilizoandikwa, lita kumi na mbili hazikuwa na maelezo. Safari iliyofuata, kumi na tano. Madereva wale wengine wawili walitumia magari mengine, yenye tairi zao za kawaida, na hesabu zao zilikaa sawa. Pengo lilikuwa la Dereva peke yake.

Nilimwita. Nilifunga mlango ili nisimwaibishe. Nilimwonyesha mistari ambayo hakuweza kuisoma.

"Adeer, mafuta yanakwenda wapi?"

Alisema jambo ambalo nimelirudia kichwani mwangu zaidi ya sala zangu nyingine.

"Karani, barabara imekuwa fubi."

"Imekuwaje?"

"Fubi. Mimi najua hii barabara. Kutoka hapa mbaka Habaswein, mita ilikuwa inasema namba ile ile, kila siku, miaka. Siwezi kusoma maandishi, lakini namba najua. Sasa inasema kidogo. Habaswein imekaribia. Modogashe imekaribia. Tangu hii tairi."

Nilimtazama mzee mzima aliyekuwa akiniambia kwamba miji imesogea. Nilimwonea huruma. Nilidhani amebanwa na anatafuta la kusema.

Nitaeleza sasa, kwa sababu wakati ule hakukuwa na mtu wa kunieleza, na aliyejaribu sikumsikiliza. Mita ya kilomita haioni barabara. Inahesabu mizunguko ya gurudumu, basi. Ukifunga tairi ndefu zaidi, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, na mizunguko inakuwa michache, kwa hiyo mita inasema umetembea kidogo ilhali umetembea umbali uleule. Halafu tairi ile ni nzito kuizungusha, na meno yake yanakwaruzana na ardhi kavu, kwa hiyo injini inakula zaidi kweli. Kilomita zinapungua kwenye daftari, mafuta yanaongezeka, na katikati panatokea shimo lenye umbo la mwizi. Dereva, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameniletea ushahidi wote mkononi.

Niliandika ripoti. Sikuandika kwamba ameiba. Niliandika kwamba tofauti haina maelezo ya kuridhisha. Nilijivunia sentensi ile, jinsi ilivyokuwa ya haki.

Kikao kilikuwa Jumatano asubuhi. Daktari, mimi, na mkubwa mmoja aliyekuja kwa ndege ndogo kutoka Nairobi na kutaka kurudi mchana. Dereva alikuja amevaa koti. Walimuuliza kama alinyonya mafuta na kuyauza njiani. Alisema hapana. Walimuuliza basi yamekwenda wapi. Alisema, "Yamekwenda kwa tairi." Yule mkubwa akatabasamu. Daktari alinigeukia na kuniuliza kama tairi zinaweza kunywa lita kumi na tano.

Dereva naye alinigeukia. Hakuniita Karani, wala abaayo.

"Sema, madam," alisema.

Nikasema zile ni tairi bora kabisa, na kwamba waliotuuzia hawakutaja jambo kama hilo.

Alikabidhi funguo pale pale mezani. Alitoka nje, akachukua mkoba wake wa ngozi na pampu ya mguu, ambayo kumbe ilikuwa mali yake mwenyewe, akatembea kwenda nyumbani juani.

Habari Garissa haina haja ya miguu. Siku mbili baadaye yule mwanamke wa duka la nguo alikuja ofisini na chupa yake ya barafu mkononi. Hakuketi.

"Nataka kuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye uliandika," alisema. "Huyu mzee kuna dereva mwingine anampa kiti, gari ya binafsi. Naweza kumpa dawa ya mama yangu bado? Ni mtu wa amana, ama si mtu wa amana?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema huyu mtu alikuwa akisimama njiani kulowesha kitambaa cha chupa yako. Nilichosema ni kwamba ripoti iko wazi na mimi siwezi kuongeza neno.

Alinitazama kwa muda, kisha akaifunga vizuri leso juu ya chupa. Baada ya hapo aliituma kwa basi. Na wengine wakafuata. Nilisikia kwamba Dereva aliendelea kuja barabarani alfajiri, akasimama na mkoba wake mahali magari yanapoondokea, na watu wakampita wakimsalimia vizuri, wakampa mtu mwingine barua zao. Alifanya hivyo wiki kadhaa. Kisha akaacha kuja.

Dereva aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana wa watu, mtaratibu, ambaye hata wewe ungemwachia nyumba. Safari yake ya kwanza Wajir, lita kumi na tatu hazikuonekana. Ya pili, kumi na nne. Nilianza kukosa usingizi. Halafu tairi mbili zikachanika mfululizo kwenye mawe, na kwa kuwa tairi pana kama zile hazikupatikana Garissa, tulifunga zile za zamani kutoka stoo. Safari hiyo hesabu ilikaa sawasawa. Na Habaswein ilikuwa imerudi mahali pake, kilomita zilezile za miaka yote. Niliiandika namba ile kwa mkono wangu mwenyewe, yule dereva kijana akiwa amesimama mbele ya meza.

"Madam," aliniambia taratibu, "si ndivyo yule mzee alivyosema?"

Nikamwambia nitalishughulikia.

Nilimweleza daktari. Alishika kichwa, akasema maskini mzee wa watu, akasema faili limekwenda Nairobi na limefungwa, na kwamba tukilifungua tutaulizwa nani aliagiza tairi. Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayenikinga. Nami nilikubali kukingwa. Nyumba ya Dereva ilikuwa mwendo wa robo saa kutoka ofisini. Nilijua mlango wake. Nilikuwa nimekula pale siku ya Idi. Kila wiki nilijiambia nitakwenda wiki ijayo, nikishapata la kumpelekea, barua au kazi. Baada ya mwaka nilipandishwa cheo na kuhamishiwa Nairobi, na nikaondoka Garissa kwa gari nililojua kuliendesha kwa sababu yake.

Nilimwona tena mara moja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Nilikuwa na shirika jingine, na kazi ilinifikisha Wajir. Hapo nikasikia kwamba mzee mmoja aliyekuwa dereva Garissa sasa anaishi Griftu, anamsaidia mkwe wake dukani. Niliomba gari siku ya mnada. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na barua niliyoichapa mwenyewe, yenye sahihi yangu, ikieleza yote: tairi, mita, mafuta, na kwamba mzee huyu hakuiba hata tone. Nilikuwa nimekuwa nayo miaka miwili.

Duka lilikuwa la mabati, mkabala na uwanja wa mifugo. Alikuwa nyuma ya meza, amekonda, ndevu zimepakwa hina. Wateja walikuwa watatu: wazee wawili walioketi kwenye magunia, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kununua sukari. Dereva alinitambua kabla sijavua miwani ya jua. Alinisalimia salamu zote, usiku, afya, wazazi. Akaniletea kigoda.

Ningekunywa chai kwanza. Ningemwomba tutoke nje. Lakini nilikuwa nimelibeba jambo lile muda mrefu mno, na nilitaka kulitua, na niliwahi kusikia kwamba aibu iliyotiwa mtu mbele za watu inaondolewa mbele za watu. Nilisimama, nikatoa barua, nikaisoma kwa sauti hadi mwisho. Wizi wa mafuta. Kikao. Kufukuzwa. Kosa langu. Nililia nikiisoma.

Nilipoinua uso, wale wazee wawili walikuwa wamekunja nyuso wakimtazama Dereva. Mmoja aliuliza kitu kwa Kisomali. Nililishika neno moja tu, tuug, ambalo hata mimi nililijua. Mwizi.

Ndipo nikaelewa. Hawakuwa wamewahi kusikia.

Dereva aliwajibu. Alizungumza kirefu, kwa utulivu, akinyoosha mkono mara moja upande wangu. Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akanitazama kwa huruma na kuniambia pole kwa Kiswahili. Mwalimu alitazama sakafu.

Dereva alinitoa nje, hadi kwenye kivuli cha gari langu.

"Umewaambia nini?" niliuliza.

"Nimesema ofisi yako ilibotelewa mafuta zamani, na mbaka leo inakusumbua. Umekuja kuuliza shauri, kwa sababu mimi ni mzee wa barabara."

"Adeer, nilikuja kuwaambia ukweli. Hukuiba."

"Mimi najua sikuiba." Alisema bila ukali. "Yule kijana, dereva, alikuja nyumbani. Wiki ileile. Alisema, mzee, Karani ameona, ameandika kwa mkono yake. Nikaambia mke wangu, bika chai, Karani anakuja. Ijumaa ile tulikaa. Ijumaa nyingine tukakaa. Mke wangu alinunua kikombe mbya."

Nilimuuliza mkewe anaendeleaje. Alisema alizikwa Garissa, na kwamba baada ya hapo yeye aliona hakuna cha kumweka kule.

"Hii maneno ilikuwa Garissa, abaayo," alisema. "Garissa ndiyo ungesema. Hata kwa mtu mmoja. Haba haikuwako."

Alipoona sijaelewa, alirudia polepole, akijitahidi na ile p yake. "Hapa. Hapa haikuwako. Leo imefika."

Nilimpa barua. Aliikunja vizuri, akanirudishia. Mtu alimwita kutoka ndani. Aliniombea safari njema, akanishika mkono kama baba anavyomshika binti, akarudi dukani.

Nilikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Mlango wa duka ulikuwa wazi, nami nikawa ninamwona. Alikuwa akimpimia mwalimu sukari yake, kilo mbili, akimimina kwenye mizani kwa kikombe cha bati, akaongeza kidogo, akaongeza tena. Wale wazee walikuwa wameshaanza mazungumzo mengine. Mwalimu alitoa pesa, akaziweka mezani kwa heshima. Kisha, kabla hajapokea mfuko wake, aliinama kidogo akautazama mshale wa mizani.

Dereva alimwona. Alingoja mpaka mwalimu aliporidhika, ndipo akaufunga mfuko.